Madamu na Ramani ya Uongo Wetu

Ukimtembelea Madamu, swali lake la kwanza halikuwa habari za nyumbani. Aliuliza, "Nani amekutuma?" Aliuliza akitabasamu, kwa hiyo wageni walicheka, lakini jibu alilingoja. Hata mimi jirani yake, niliyekwenda kuomba chumvi tu, ilinibidi nieleze kwamba aliyenituma ni mboga iliyo motoni. Ndipo alipofungua kopo.

Sote tulimwita Madamu, kama wanavyoitwa walimu wa kike upande huu wa ziwa Mweru. Kwa miaka mingi alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari hapa Nchelenge, na binti yangu Chola alipita mikononi mwake. Mimi nilivuka kutoka Kongo, nikaolewa Kashikishi na mvuvi, na biashara yangu ni samaki. Kiswahili Madamu alikiokota bandarini kwa wachuuzi wa kwetu, akakichanganya na Kibemba chake bila kuomba radhi kwa mtu. Namsimulia kwa sababu maneno juu yake yamekuwa mengi mno, na wengi wanaoyasema hawajawahi hata kula naye sahani moja.

Kamera ya kompyuta yake aliiziba kwa plasta ya zahanati. Plasta ikibanduka, alichovya kidole kwenye ubwali, yaani ugali, wa jana, akaipaka hapo mpaka ikauke. Watoto wa shule walimwiga kwa kuzibana macho kila alipopita, naye aliwaambia waendelee, kwani siku moja watalipwa kwa kazi hiyo. Televisheni yake iliishi imegeuzwa ukutani. Alipotaka kutazama habari aliigeuza, akatazama, akairudisha kama mtoto aliyeadhibiwa.

Kwenye basi la Mansa hakutoa jina lake hata mara moja. Kila safari alijibatiza upya. Siku moja alijiandikisha kwa jina la Bana Mulenga, yaani mama Mulenga, akakaa pembeni ananunua karanga. Kondakta akaita Bana Mulenga, akaita tena, abiria wakamlaani huyo mwanamke mzembe anayewachelewesha, na Madamu naye akamlaani pamoja nao. Basi likaondoka. Alikumbuka kwamba huyo Mulenga wa kubuni ni mwanawe wakati vumbi limeshatua. Alirudi nyumbani kwa miguu akanisimulia, nikamcheka, naye akanicheka mimi kwa kumcheka.

Lakini mlango wa nyumba yake hakuufunga kamwe. Hakuna kufuli, hakuna komeo, mchana wala akiwa safarini. Nilipomuuliza alinishangaa.

"Mwizi wa hapa minamujua," akasema. "Minajua jina yake, muke yake, na kanisa anasalia. Akiiba sufuria yangu, minaenda kula ku sufuria yangu. Mi naogopa mutu sijui sura yake."

Darasani, anasimulia Chola, muhula wa kwanza karibu uishe watoto hawajagusa mashine. Aliwasomesha masharti. Ule ukurasa mrefu ambao sisi wote tunauruka ili tubonyeze "nakubali", yeye aliuchapisha, akawasimamisha wanafunzi mmoja mmoja wausome kwa sauti kama somo la kanisani. Akifika mahali akamkatisha msomaji na kuuliza, "Nani eko na fungulo?" Yaani, katika sentensi hiyo, ni nani mwenye uwezo wa kufungua na kufunga, wewe au wao? Wazazi walilalamika. Mwalimu mkuu alimwita. Madamu alimpelekea mwalimu mkuu masharti ya programu ya ofisini mwake mwenyewe, akiwa amezipigia mstari sentensi chache, na hakuitwa tena.

Na mtu huyuhuyu alipenda umbea kuliko sisi wauza samaki. Alitaka kujua nani kaposa, nani karudishwa kwao, mchungaji gani kagombana na kwaya. Ukimwambia yako, alikula kiapo cha kuyatunza, na kweli aliyatunza. Ukimuuliza yake, alikuonyesha mti wa mpapai na kusema mwaka huu umezaa vizuri. Niliishi naye ukuta kwa ukuta na mpaka leo siwezi kukuambia kama aliwahi kupenda mtu.

Sikumwona mwendawazimu. Mimi mwenyewe kushuku ndiyo kazi yangu. Nanusa samaki kabla ya kumwangalia anayeuza, na mtu akinisifia mno nashika mkoba. Tulielewana kwa hilo.

Alipostaafu ndipo ilipoanza habari ya Bwato.

Wakati ule sisi wanawake tulikuwa tunaumia bandarini. Mitumbwi inarudi asubuhi, lakini hujui utashukia Kashikishi au kule mbele, na hujui umebeba nini. Unakimbia na ndoo kichwani, unafika samaki wameshachukuliwa, barafu yako imekuwa maji. Madamu alituona tukihaha, akasema simu zetu zinaweza kutusaidia badala ya kutumalizia bando kwa vichekesho. Alianza kuandika programu mwenyewe, mstari kwa mstari. Umeme ukakatika, macho yakauma, miezi ikapita, hakuna kitu. Kisha siku moja akaniita, akanionyesha programu imekamilika, nzuri, ina rangi ya ziwa. Aliiita Bwato, yaani mtumbwi.

"Umeimaliza lini?" nikamuuliza.

"Wiki hii."

Nikashuku hapohapo. Kitu kilichomshinda mwaka mzima kimalizike wiki moja? Akanieleza, bila kunitazama, kwamba kuna kampuni ng'ambo ya bahari yenye programu ya kutengenezea programu. Huandiki chochote. Unachukua vipande vyao vilivyo tayari, hiki cha ujumbe, hiki cha picha, hiki cha ramani, unavipanga, kazi kwisha. Na bure.

"Basi na miye nikuulize, Madamu," nikasema. "Nani eko na fungulo?"

Hakupenda. Alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Fungulo iko kwao, lakini mulango iko wazi. Masharti nilisoma yote, Bana Chola. Yote."

Nilimwamini kwamba alisoma. Nani mwingine angesoma?

Bwato ilitufaa, sitaki kusema uongo. Mvuvi akigeuza kurudi anabonyeza, anasema atashukia wapi na amebeba samaki tunaowaita pale au wale dagaa wa chisense, na sisi tunapata ujumbe. Tulipumzika kukimbia. Nilianza kurudi nyumbani nikiwa na nguvu za kuwapikia watu wangu. Wavuvi walikuwa wazito mwanzoni, kwani mvuvi wa Mweru hawezi kuulizwa alikuwa wapi. Hiyo si adabu. Sehemu ya kutupia wavu ndiyo shamba letu, mtu anairithi kwa mjomba wake, na hamwambii hata mkewe. Mume wangu, Bashi Chola, yaani baba Chola, nimemzalia na nimemzikia mama yake, lakini sehemu yake sikuijua. Ukimuuliza ametoka wapi, anakutajia upande wa Puta. Wote wanataja Puta. Kwa maneno ya wavuvi wetu, Puta pangekuwa na mitumbwi mpaka watu wavuke kwa miguu.

Na hawadanganyi kwa mdomo tu. Wakitoka, wanapiga kasia kwenda upande usio wao, machoni pa watu, wakiimba. Wakishapotea machoni ndipo wanapozunguka na kwenda kunakohusika. Ni heshima yao na sisi tunaiheshimu. Hakuna anayemfuata mwenzake, kumfuata ni wizi.

Kwa hiyo Bwato ilipowauliza wanavua wapi, walifanya kama kawaida. Wakaandika Puta. Wakacheka, wakaipenda, kwa kuwa walikuwa wameidanganya vizuri. Walidhani simu ni kama jirani, inajua ulichoiambia tu. Wakatoka nayo majini ikiwa imewaka mfukoni, wakapiga kasia upande wa uongo wakiimba, wakazunguka, wakafika kwenye sehemu zao.

Mwaka uliofuata, ziwa lilipofunguliwa baada ya miezi ya katazo la kuvua, wageni walifika. Walikuwa na maboti ya injini kubwa na nyavu ndefu tusizoziona hapa, na walinunuliwa mafuta na tajiri ambaye hakuna aliyemjua. Wageni huwa wanahangaika. Wanajaribu huku, wanakosa, wanajaribu kule. Hawa hawakuhangaika. Walikwenda moja kwa moja. Mume wangu alikuta maboti mawili yametulia juu ya sehemu ya mjomba wake, akakaa mbali akiwatazama wakivuta wavu uliojaa. Alirudi na samaki wa kitoweo tu. Alikaa uani akikatakata kamba ambayo haikuwa mbovu.

Ilikuwa hivyo kwa wengi. Nyumba baada ya nyumba, wavu mtupu. Na kila mmoja alimshuku ndugu yake, kwa sababu kila mmoja alijua hajamwambia mtu.

Madamu aliniita mchana mmoja. Uso ulikuwa umembadilika. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, na kwenye kioo palikuwa na ziwa letu limechorwa, na juu yake nyuzi nyekundu nyingi sana.

"Kaa," akasema. "Angalia, uniambie ni nini."

Niliangalia. Kila uzi ulianzia Kashikishi, ukanyooka kuelekea Puta, kisha ukapinda. Ukazunguka, ukarudi, ukatua mahali pake, ukafanya fundo. Nyuzi zote zilikuwa hivyo. Wote walikuwa wamekwenda upande wa uongo kwanza. Adabu yetu yote ilikuwa imechorwa pale, mtu na mzunguko wake, na kila uzi una namba ya simu. Niliitafuta namba ya Bashi Chola nikaiona. Nikaona sehemu yake. Nilijisikia kama mtu aliyefunua nguo za mkwe wake. Nikafumba macho, lakini nilikuwa nimeshaona.

"Nani alichora hii?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ile kipande ya ramani. Miye nilificha, wavuvi na weye hamuioni. Nilizani kuficha ni kuzima. Haikuzimika. Ilikuwa inaandika kila siku, inatuma kwao."

"Basi futa."

"Nimefuta yangu. Yao iko kwao."

"Toa kile kipande."

"Nikikitoa, Bwato yote inakufa. Waliishona pamoja."

"Basi hamisha Bwato, uiweke pengine."

Akacheka kicheko kibaya. Alinieleza kama anavyowaeleza watoto. Ni kupika ku jiko ya wenyewe, akasema, na sufuria yao, na moto yao. Kula unaweza. Kualika watu unaweza. Lakini siku ukitaka kuhama, unaondoka na mikono mitupu. Hakuwa na hata mstari mmoja wa Bwato ulio wake. Aliwaandikia barua kampuni wafute habari zetu. Jibu lilikuja papo hapo, lenye adabu nyingi, linamwita kwa jina, linamshukuru, na linamwambia maombi yake yamepokelewa. Aliandika tena. Likaja lilelile, na shukrani zilezile. Nadhani hakuna mtu aliyeliandika.

Aliifunga Bwato siku ile. Wanawake wenzangu walimtukana, tukarudi kukimbia na ndoo. Naye hakungoja kugunduliwa. Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa bandari akamweleza kila kitu, na ndiyo maana mpaka kesho nasema huyu hakuwa mwizi. Mwizi haendi kujitangaza.

Mwenyekiti akaitisha mkutano pale wanapoanikia chisense. Walikuwepo wavuvi wote na wachuuzi wa kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo walisema Kibemba na Kiswahili. Mchuuzi mmoja wa kwetu, mwanaume mnene, ndiye aliyeuliza walichokuwa nacho wote kifuani.

"Madamu, tuseme ukweli. Bale batu balijua namna gani fasi ya bavuvi, pale banatupa nyavu? Ni weye ulibauzishia?"

"Mi sikuuzisha kitu. Cine cine, kweli kabisa," akasema Madamu. "Kama bale bengine baliuzisha, sijui. Pengine. Pengine hapana."

"Basi apa. Apa kama ile habari haikutokea ku mikono yako."

Akaitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wanawake, naomba moyoni aape tu, aape haraka, watu warudi makwao.

"Siwezi," akasema. "Ya mikono yangu naapa. Ya mikono sijaona, awe mukwai, hapana, siwezi kuapa."

Hapo wakaguna. Nilisimama, nikajaribu kueleza habari ya jiko la wenyewe, na sufuria, lakini kwa sauti yangu ilisikika kama hadithi ya sungura. Mvuvi mmoja kijana akasema, "Mutu anapaka ubwali ku kamera, anajua kitu anaficha." Watu wakacheka. Na nilikasirika, kwa sababu palepale niliona tabia zake zote zikigeuka ushahidi. Jina la uongo kwenye basi, televisheni ukutani, mpapai anaokuonyesha ukimuuliza yake. Maisha yake yote alikuwa anajikinga, na sasa ilionekana alikuwa anajificha.

Hakuna aliyemgusa. Lakini waliacha kumsalimia, na hapa kwetu mtu asiyesalimiwa hawezi kukaa. Aliondoka kwa basi la asubuhi. Sijui alijiandikisha kwa jina gani.

Wageni wa maboti makubwa nao waliondoka baada ya muda, walipomaliza. Bashi Chola sasa anavua mbali zaidi, anakaa siku nyingi kambini, na akirudi ananitajia Puta. Simwambii kwamba niliona. Tajiri wao hajajulikana. Wapo wanaosema hakuhitaji ramani yoyote, alimlipa mvuvi mmoja pombe akaambiwa yote. Mimi namshuku kila mtu kwa zamu, hata marehemu mjomba wa mume wangu.

Nilimwona Madamu mwaka jana. Nilikuwa nimepeleka chisense Mantapala, kwa wenzangu wa Kongo waliokimbilia pale, na mtu akanigusa bega sokoni. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini macho ni yaleyale ya kuhesabia watu nyuma yako. Alinipeleka chumbani kwake, akanipikia chai na viazi vitamu. Anafundisha kompyuta vijana wa pale. Tuliongea habari za Chola, na za mchungaji aliyegombana tena na kwaya, na alifurahi sana hata akasahau kula.

Kisha akasema, "Kuna kitu sikukuambia."

Nikaacha kiazi.

"Masharti nilisoma, ni kweli. Ya kwanza ilikuwa muzuri. Kisha wakabadilisha. Walinitumia mapya mwaka ule wa kwanza, Bwato ikiwa na miezi mbili tu. Na yale nilisoma. Ilisema wanaweza kuweka habari ya fasi ya mutu, na kugawanya na marafiki yao. Ilisema kama unakataa, wanafunga Bwato palepale. Nikawaza ninyi na ndoo zenu. Nikawaza namna mulinishukuru." Alikuwa anaangalia kikombe. "Nikabonyeza. Miye, Bana Chola. Nikabonyeza."

Nilimhurumia, na wakati huohuo nilimwona Bashi Chola uani akikata kamba. Nilimwambia kwamba angetuambia tungekataa wenyewe. Akasema, "Pengine." Nikajua ana haki ya kushuku hilo pia. Tungebonyeza wote, kwa makofi.

Akainuka, akatoa chini ya kitanda kompyuta ndogo na waya. Amekuwa akiandika Bwato upya tangu alipoondoka, mstari kwa mstari, safari hii bila jiko la mtu. Haina ramani. Haiulizi mtu anavua wapi. Kila neno lililomo ni lake, na inakaa humo ndani, haitumwi ng'ambo. Alinionyesha maandishi yanateremka kwenye kioo, mengi, mimi siyasomi. Alisema haiwezi kurudi Kashikishi kwa mkono wake, lakini kwa mkono wangu inaweza. Wanawake wataniamini. Ianze na mimi.

"Leta simu, niiweke," akasema. "Ni dakika kidogo."

Akanyoosha mkono.

Simu ilikuwa pajani kwangu, chini ya chitenge. Najua kwamba hakutuuza, nitalisema hilo mbele ya mwenyekiti na mbele ya Mungu. Najua alichoniambia sasa hivi hakulazimika kuniambia. Chai yake ilikuwa bado moto tumboni mwangu. Nikauambia mkono wangu uchukue simu, uitoe, umpe. Mkono ukakaa pale ulipo, umeifunika.

Nje watu walikuwa wanapatana bei ya mihogo. Aliutazama mkono wangu chini ya kitambaa, kisha akaurudisha wake polepole, akaukunja waya, akauweka mezani.

"Awe, acha," akasema. "Hata miye singekupa yangu."